Upasuaji wa matundu na saratani ya mlango wa kizazi: mgonjwa aelezwe kabla ya kutia sahihi

Kwa Mhariri,

Majuma machache yaliyopita ukurasa wa afya wa gazeti lako ulibeba makala ya kuusifu upasuaji wa matundu, ule ambao daktari hapasui tumbo bali hutoboa vitundu vitatu au vinne, akapitisha kamera nyembamba na vyuma virefu, kisha akafanya kazi yake akiwa anatazama kioo cha runinga. Mwandishi alieleza, tena kwa haki, kwamba mgonjwa wa namna hiyo hupoteza damu kidogo, hurudi nyumbani mapema na hubaki na kovu ambalo ni shida kuliona. Sina ugomvi na hayo. Nimefanya kazi ya uuguzi katika vyumba vya upasuaji hapa Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewaona waliotolewa kibofu cha nyongo asubuhi wakiulizia chai jioni. Lakini makala hayo yaliuweka ugonjwa mmoja katika kapu moja na mengine, nao ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwa ugonjwa huo habari ni tofauti kiasi kwamba nimeona si vyema kunyamaza.

Nianze na kilichonifanya nishike kalamu. Ramadhani iliyopita, baada ya futari, alinijia jirani yangu wa huku Kisauni, mama wa watoto watatu ambaye huniita shangazi ingawa hatuna udugu wa damu, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Amenipa ruhusa niyaseme haya bila kumtaja jina. Ndani ya bahasha mlikuwa na majibu ya kinyofu kilichokatwa kwenye mlango wa kizazi, picha zake, na barua ya hospitali moja ya binafsi iliyompangia upasuaji wa matundu juma lililofuata. Uvimbe ulikuwa na upana wa sentimita 3 na ulikuwa haujavuka mlango wa kizazi, maana yake ugonjwa ulikuwa umewahiwa na alikuwa na kila sababu ya kutumaini kupona. Nyumbani kwao, hata hivyo, hapakuwa na utulivu. Mumewe alifurahi kwamba mkewe hatalala wodini siku nyingi. Mama mkwe alikuwa akiwaambia watu wote kwamba saratani haiguswi kwa kisu, kwa kuwa ikipigwa na hewa hutawanyika mwili mzima. Yeye mwenyewe alitaka kujua jambo moja tu: "Shangazi, katika njia hizi mbili, ni ipi isiyorudisha ugonjwa?"

Nilimshauri arudi kwa daktari wake amuulize swali hilohilo kwa maneno hayohayo. Alirudi, akajibiwa kwamba matundu ndiyo njia ya kisasa na kwamba kupasuliwa tumbo ni mambo ya zamani.

Jibu la namna hiyo lingekubalika mwaka 2017. Mnamo Novemba 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliopewa jina la LACC, ulioongozwa na Daktari Pedro Ramirez wa hospitali ya saratani ya MD Anderson mjini Houston, Marekani, na kufanywa katika hospitali 33 za nchi mbalimbali. Wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyo katika hatua za mwanzo waligawanywa kwa kura: 319 wakafanyiwa upasuaji wa matundu, wengi wao kwa laparoskopi ya kawaida, yaani kamera na vyuma vinavyoshikwa kwa mkono wa daktari, na wachache kwa roboti, na 312 wakapasuliwa tumbo. Waliouanzisha hawakuwa maadui wa matundu hata kidogo. Nia yao ilikuwa kuthibitisha kwamba njia mpya haipungukiwi na kitu ikilinganishwa na ile ya zamani, na walikusudia kuwafikia wanawake 740. Hawakufika huko, kwa sababu mwaka 2017 kamati iliyopewa jukumu la kulinda usalama wa wagonjwa ilitazama hesabu na kuona hali isiyoweza kuachwa iendelee. Kati ya waliotobolewa, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa 27. Kati ya waliopasuliwa, kwa 7. Waliofariki, kwa sababu yoyote ile, walikuwa 19 upande wa matundu na 3 upande wa waliopasuliwa tumbo.

Naomba takwimu hizo zisomwe kwa makini, kwa kuwa zinaweza kumtisha mtu bila sababu au kumlaza usingizi bila sababu. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai walikuwa asilimia 93.8 miongoni mwa waliofanyiwa kwa matundu na asilimia 99.0 miongoni mwa waliopasuliwa tumbo, kwa hiyo idadi kubwa ya wanawake wa pande zote mbili walikuwa wazima, na mwanamke aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa matundu hana haja ya kukesha usiku kwa sababu ya barua yangu. Anachohitaji ni kuhudhuria kliniki zake bila kukosa na kueleza mapema akiona damu, uchafu usio wa kawaida au maumivu ya nyonga. Ila kwa yule ambaye bado hajachagua, tofauti hiyo ni kubwa. Watafiti walipowafuatilia wanawake hao hadi mwisho na kutoa hesabu ya kufunga mwaka 2024, pengo lilikuwa bado lipo: baada ya miaka 4 na nusu, asilimia 85.0 ya kundi la matundu walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na upande wa waliopasuliwa walikuwa asilimia 96.0. Ni dawa gani ya saratani ambayo ingeshindwa kwa kiasi hicho na bado tukaendelea kuiita ya kisasa?

Wapo waliopinga, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Wengine walidai kwamba madaktari wa utafiti ule hawakuwa mahiri wa matundu. Hoja hiyo mimi siikubali, kwa sababu kila daktari alitakiwa kwanza aonyeshe rekodi za wagonjwa wasiopungua 10 aliowafanyia kwa njia hiyo na kuwasilisha video 2 za upasuaji wake zisizokatwa popote, na sidhani kama hospitali nyingi za mwambao wetu zingepita katika tundu la sindano hiyo. Wengine walisema kwamba waliopasuliwa tumbo walifanikiwa kupita ilivyozoeleka, na kwamba pengine bahati iliwakunjulia uso. Hilo linawezekana kwa utafiti mmoja. Hata hivyo, toleo lilelile la jarida lilikuwa na uchunguzi wa pili, uliotokana na rekodi za hospitali za Marekani za wanawake 2,461 waliofanyiwa upasuaji, wa njia moja au nyingine, kati ya mwaka 2010 na 2013, nao ulikadiria kwamba ndani ya miaka 4 vifo vilifikia asilimia 9.1 kwa waliofanyiwa kwa matundu na asilimia 5.3 kwa waliopasuliwa tumbo. Kwa uadilifu niongeze kwamba Sweden, ambako upasuaji wa roboti umekusanywa katika hospitali chache zenye uzoefu mkubwa, walipotazama rekodi zao hawakuona tofauti. Basi pana mjadala, na madaktari wana haki ya kuuendeleza. Lakini miongozo ya Ulaya na Marekani ilibadilishwa baada ya 2018 na kuifanya njia ya kupasua tumbo kuwa ndiyo ya kawaida kwa ugonjwa huu, na mgonjwa wa Kisauni ana haki ya kuelezwa hivyo kama alivyo nayo mgonjwa wa Houston.

Sasa nije kwenye dai la mama mkwe, kwa sababu ndilo gumu zaidi na ndilo linalozungumzwa vibarazani. Imani kwamba kisu na hewa huisambaza saratani imewapeleka wengi kaburini hapa pwani, maana mwanamke huambiwa asikubali kukatwa, akaenda kunywa mizizi, akarudi hospitalini ugonjwa umekwisha kuziba figo. Hewa haisambazi saratani. Kisu kilichopita pembeni, mahali penye nyama safi, huiondoa. Kinachotiliwa shaka ni jambo mahsusi kabisa: namna uvimbe unavyoshikwa, unavyosukumwa na unavyofunguliwa katika upasuaji wa matundu wa mlango wa kizazi. Kuyachanganya mambo hayo mawili ni kosa, na nachelea kwamba mtu atakayeisoma barua hii nusu ataibeba kuwa ushahidi wa yale ya mizizi.

Nitajaribu kueleza kama nilivyoona nikiwa nimesimama kando ya meza. Katika upasuaji wa saratani hii haiondolewi kizazi peke yake. Huondolewa pamoja na nyama za pembeni zinazokishikilia, sehemu ya juu ya uke, na tezi za limfu za nyonga. Ernst Wertheim aliufanya kwa kupasua tumbo mjini Vienna tangu mwaka 1898, na kwa msingi wake ndio huohuo hadi leo. Tumbo likiwa wazi, daktari humaliza kazi ya pembeni, kisha huubana uke kwa koleo chini ya uvimbe kabla ya kukata, hivi kwamba uvimbe hutoka ukiwa umefungiwa ndani ya nyama yake, kama kitu kilichofungwa katika kitambaa. Katika upasuaji wa matundu mambo hugeuka. Kwanza tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili ukuta wake uinuke na kamera ipate nafasi ya kuona. Mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini na miguu juu ili matumbo yaondoke njiani. Kisha, kwa kuwa mikono haiwezi kuingia, mara nyingi hupitishwa kupitia uke chuma cha kukishikia na kukisukumia kizazi huku na huku, na chuma hicho hupita katikati ya mlango wa kizazi, palepale ulipo uvimbe, na kikombe chake huugandamiza. Mwisho, uke hukatwa kutokea ndani ya tumbo, na kwa muda huo uvimbe huwa uko wazi ndani ya nafasi ya tumbo, gesi ikiwa inazunguka na majimaji yakiteremka kuelekea kifuani.

Waliolelewa pwani wanaijua sufi. Tunda la msufi likikauka, mwenye kutaka kushona mito hulitia kwanza ndani ya gunia ndipo akalipasua, kwa maana akilipasua chumbani huku feni inazunguka ataokota nyuzi zake kwenye mapazia, kwenye vyombo na kwenye nywele za watoto kwa mwezi mzima. Seli za saratani si sufi, na hakuna aliyekwisha kuzihesabu zikipepea; gesi, chuma na ule mkato wa mwisho ni washukiwa watatu ambao hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Lakini ushahidi mmoja unanishawishi kwamba gunia lina umuhimu wake. Madaktari wa Ulaya walikusanya rekodi za wanawake 693 waliofanyiwa upasuaji mwaka 2013 na 2014, katika uchunguzi walioupa jina la SUCCOR, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Kwa jumla hatari ya ugonjwa kurudi ilikuwa karibu maradufu kwa waliofanyiwa kwa matundu. Walipochambua zaidi, walikuta kwamba pale kilipotumika kile chuma cha kusukumia kizazi hatari ilipanda zaidi, na pale daktari alipoushona uke kwanza kuufunika uvimbe kabla ya kukata, matokeo yalikaribiana na ya waliopasuliwa tumbo. Wazo hilo la kufunika uvimbe si geni. Huko Vienna, mwanzoni mwa karne ya ishirini, Friedrich Schauta alikuwa akiutoa ugonjwa huu kwa kupitia ukeni, na wafuasi wa njia yake huanza kwa kushona kifuniko hicho. Ilichukua kamera na roboti kutusahaulisha.

Lipo tatizo jingine ambalo ni la lugha yetu, na magazeti ya Kiswahili yanaweza kulitibu kuliko hospitali yoyote. Mitaani tunasema "saratani ya kizazi" na kumaliza. Neno hilo moja linabeba magonjwa mawili. Ipo saratani ya mlango wa kizazi, ambayo karibu kila mara huletwa na virusi vya HPV na huota pale mlangoni, mahali ambapo vidole na vyuma hufika. Ipo pia saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa kizazi, ambayo huwapata zaidi waliokwisha kukoma hedhi na ambayo huwa imefungiwa ndani ya mfuko wenyewe. Kwa hii ya pili, upasuaji wa matundu ulipimwa kwa utafiti mkubwa wa Marekani uitwao LAP2, wenye wanawake zaidi ya 2,600, na baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 89.8 katika makundi yote mawili. Kwa hiyo daktari anayemwambia bibi wa miaka sitini na tano mwenye saratani ya ndani ya mfuko kwamba matundu ni salama anasema kweli, na daktari anayeyachukua maneno hayohayo na kumwambia mwanamke wa miaka arobaini mwenye saratani ya mlangoni anampotosha, hata kama nia yake ni njema. Makala ya ukurasa wako yaliandika "saratani ya kizazi" mara sita bila kutofautisha. Nilihesabu.

Nitaje pia jambo ambalo huwapata wanawake wengi zaidi kuliko jirani yangu. Uvimbe wa kizazi usio saratani, ule wa faibroidi, umejaa katika mji huu, na wanaotolewa kizazi kwa sababu yake ni wengi. Mwanamke hutokwa na damu miezi kadhaa, huonyeshwa uvimbe kwenye altrasaundi, hupangiwa siku, na hakuna aliyemchungulia mlango wa kizazi wala kumfanyia kipimo cha siki au Pap smia, vipimo vya kutafuta dalili za saratani pale mlangoni. Kizazi hutolewa, hupelekwa maabara ikiwa pesa zimebaki, na majibu hurudi yakisema kwamba mlangoni palikuwa na saratani. Kwa upasuaji wa matundu hatari huongezeka iwapo kizazi kinakatwakatwa ndani ya tumbo kwa mashine ili vipande vipite kwenye vitundu. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya mashine hizo baada ya kukadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya faibroidi huwa na saratani ya kizazi ya aina iitwayo sarkoma ambayo haijagunduliwa, na mashine huitapanya. Kipimo cha siki hakizidi dakika chache na hospitali za umma hukifanya. Hapana daktari anayestahili kusifiwa kwa kamera yake ikiwa hakuchungulia kwanza kwa macho.

Je, kila mwenye saratani ya mlango wa kizazi apasuliwe tumbo? La, na hapa napenda nisifanywe kuwa mtetezi wa kovu. Mwenye uvimbe mdogo sana ana nafasi ya kuchagua. Utafiti mwingine, uitwao SHAPE, uliochapishwa mwaka 2024 kwa wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na dalili nyingine za hatari ndogo, ulionyesha kwamba kuondoa kizazi kwa upasuaji wa kawaida, bila zile nyama za pembeni, kulitosha: baada ya miaka 3 ugonjwa ulirudi nyongani kwa asilimia 2.5, na kwa waliofanyiwa ule upasuaji mpana ulirudi kwa asilimia 2.2, na wengi wao walifanyiwa kwa matundu. Ila swali lililoulizwa humo lilikuwa la upana wa nyama inayoondolewa, halikuwa la matundu dhidi ya kisu, na mtu asiutumie utafiti huo kujibu swali usiloliuliza. Jirani yangu, kwa sentimita 3 zake, hakuwamo katika kundi hilo hata hivyo.

Najua pia kwamba kwa wagonjwa wengi wa Mombasa mjadala huu wote ni wa anasa. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa wapya 5,236 wa saratani hii nchini Kenya na vifo 3,211, na wale niliokuwa nikiwaona wakiteremka kwenye matatu kutoka Kwale na Kilifi walikuwa wamefika wakati upasuaji, uwe wa matundu au wa tumbo, hauwafai tena, bali tiba ya mionzi, ambayo kwa miaka mingi iliwalazimu kuifuata Nairobi. Chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa papa hapa Mombasa Oktoba 2019, na wasichana waliochanjwa wakati ule wakiwa na miaka kumi sasa wanaelekea utu uzima. Hao tunaomba wasiwahi kuyahitaji maelezo yangu. Lakini wale wachache wanaogunduliwa mapema ndio wenye nafasi kubwa ya kupona kabisa, na ndio hao hao wanaopelekwa kwenye matundu, kwa sababu ndio wenye bima au jamaa wa kuchangisha, na hospitali za binafsi hushindana kuwapata. Kumpotezea mtu wa namna hiyo nafasi yake kwa ajili ya siku tatu za kulala wodini ni hasara isiyo na sababu, tena watafiti wa LACC waliwauliza wagonjwa wao habari za maisha yao baada ya upasuaji na hawakuona kwamba waliotobolewa waliishi kwa raha zaidi kuliko waliopasuliwa.

Jirani yangu alitafuta maoni ya daktari wa pili, akapasuliwa tumbo katika hospitali nyingine. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Alikaa na mpira wa mkojo karibu majuma mawili, kama ilivyo kawaida ya upasuaji huo kwa kuwa mishipa ya fahamu ya kibofu huguswa, na kovu lake linamuwasha kukiwa na joto, na Mombasa joto haliishi. Mumewe amejifunza kupika uji. Tezi zake zilikutwa safi, anahudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu, na hakuna aliyemuahidi zaidi ya hapo.

Kabla hajabadilisha hospitali aliniachia nakala ya fomu ya ridhaa aliyopewa kule kwa mwanzo, na ndiyo iliyo mbele yangu ninapoandika. Ina mistari mitatu chini ya maneno "hatari za upasuaji". Kwa mwandiko wa haraka imejazwa: kutokwa na damu, maambukizi, kujeruhiwa kwa kibofu. Haikutajwa popote kwamba ugonjwa waweza kurudi kwa wingi zaidi kwa njia ile kuliko kwa nyingine, ilhali hilo ndilo swali pekee aliloliuliza. Naomba idara ya afya ya kaunti iziagize hospitali zote, za umma na za binafsi, ziongeze mstari wa nne kwa kila mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayepangiwa matundu, uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti mbele yake kabla ya kalamu kumfikia, na naomba gazeti lako liuchapishe mahali palepale yalipokuwa makala yale: "Utafiti umeonyesha kwamba kwa saratani ya mlango wa kizazi ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi baada ya upasuaji wa matundu kuliko baada ya kupasuliwa tumbo. Nimeelezwa ukubwa wa uvimbe wangu, nimeelezwa kama uvimbe utafunikwa kabla ya kukatwa, na njia niliyoichagua ni hii."

Muuguzi mstaafu,
Kisauni, Mombasa